Tulijenga darasa zuri tukamsahau mwalimu: niliyojifunza miaka minne ya kuandaa watoto wetu wadogo kwa shule

Wiki mbili zilizopita wazazi wa mtaa wa jirani walinitafuta, wanataka kuanzisha kituo cha watoto wadogo kabla hawajaenda darasa la kwanza, na kitu cha kwanza walichonionyesha ni mchoro wa jengo. Mchoro mzuri kweli, madirisha makubwa, veranda, mpaka mti umechorwa. Nikauliza mwalimu ni nani, wakaangaliana. Nikanyamaza kidogo maana nilijiona mimi mwenyewe miaka minne iliyopita nimeshika mchoro kama ule ule. Nikasema hii lazima niiandike yote, hata yale ya aibu.

Kwangu ilianza na mtoto wa kwanza. Aliingia darasa la kwanza akitokea nyumbani moja kwa moja, hakupita popote, na mimi sikuona shida maana herufi alikuwa anazijua, nilimfundisha mwenyewe jioni jioni. Wiki ya tatu mwalimu akaniita. Nikaenda nimejiandaa kuambiwa mtoto hajui kusoma vizuri, kumbe habari ya kusoma hata hakuigusa. Akaniambia huyu mtoto hawezi kuomba ruhusa kwenda chooni, anajizuia mpaka anajilowesha. Hajui kusubiri zamu. Mwenzake akichukua penseli yake hasemi nirudishie, anapiga au analia. Akiitwa jina mbele za watu anafunika uso kwa mikono yote miwili. Alafu akaongeza, sio wako peke yake, ninao kumi na kitu wa hivi, mwezi mzima naishia kufuta machozi, kufundisha nitaanza lini?

Njiani kurudi nilijisikia vibaya sana, mtoto amekaa wiki tatu anabana mkojo kwa woga na mimi kila jioni namuuliza leo umejifunza herufi gani.

Basi nikawatafuta wazazi wenzangu wenye watoto wa miaka mitatu, minne, tukakutana. Nikawaambia watoto wetu wanaingia shule hawajawa tayari. Na hapa ndo kosa la kwanza lilipozaliwa, na lilikuwa langu, maana sikueleza mwalimu alimaanisha nini. Kila mtu akasikia alichotaka kusikia, yani "hawajawa tayari" ikageuka "hawajui kusoma na kuandika", na "tufanye kitu" ikageuka "tujenge". Dakika arobaini tu tulikuwa tumeshachagua kamati ya ujenzi. Hakuna aliyeuliza mtoto wa miaka minne anahitaji nini, hata mimi niliyetoka kuambiwa sikuuliza.

Tulichanga mwaka mzima. Watu walijinyima kwelikweli, sitaki mtu adhanie nawadharau wenzangu, kuna baba alikuwa anakuja kila Jumamosi baada ya zamu ya usiku anachanganya simenti mpaka mchana ndo akalale. Jengo likasimama, tukapaka rangi, tukachora wanyama ukutani, tukaweka viti na meza, tukazungusha uzio. Siku ya kufungua kila mtu alikuwa na simu juu anapiga picha. Baadaye nilikaa na daftari la mweka hazina nikapiga hesabu, katika kila kumi tuliyochanga, nane ziliingia kwenye jengo, moja na nusu kwenye viti, rangi na uzio, na ile nusu iliyobaki ndo ilikuwa ya mwalimu. Ya mwaka mzima.

Tukampata binti mmoja, amemaliza sekondari, mpole, anapenda watoto. Tukamwambia atapata posho kidogo na "tukikaa sawa tutaongeza". Watoto 38, yeye peke yake. Akakaa miezi minne akaondoka, alipata kazi dukani yenye mshahara wa uhakika, na aliniaga vizuri tu ila akasema dada mimi nawapenda hawa watoto lakini nina mama ananitegemea. Akaja wa pili, miezi mitatu. Wa tatu hakumaliza hata mwezi.

Kitu ambacho sikukitegemea ni jinsi watoto walivyoumia. Mtu mzima unaona ni mwalimu tu kabadilishwa. Mtoto wa miaka minne yeye ndo kwanza amejifunza kumwamini mtu asiye wa nyumbani kwao, asubuhi moja anakuta hayupo na hakuna aliyemwambia kitu. Mwanangu wa pili alikuwa humo, yule binti wa kwanza alipoondoka akawa kila asubuhi anakaa karibu na mlango, hachezi, anaangalia njia. Mwalimu wa pili alipoondoka mwanangu hakulia kabisa. Mwalimu mpya akija, anamwangalia tu, hamsogelei. Hiyo ya kutolia ndo iliyonitisha zaidi.

Na huku ndani ya darasa tulikuwa tunafanya kosa lingine. Sisi wazazi tuliochanga tulitaka kuona matokeo, na matokeo kwetu ni daftari limejaa. Mtoto akirudi daftari tupu, simu inapigwa, mwalimu anafanya nini huko? Kwahiyo hata hao mabinti walibanwa wajaze kurasa. Siku moja nilipita saa nne asubuhi bila taarifa. Ndani kimya. Watoto wamejipanga kwenye viti, wa pembeni kabisa kasichana ka miaka minne hivi kameshika penseli kwa ngumi nzima kama mtu anavyoshika mwiko, kanaandika "a" mstari wa saba au wa nane, kila "a" inazidi kuwa kubwa na kuanguka nje ya mstari, na machozi yanadondokea kwenye karatasi palepale anapoandika mpaka risasi ya penseli imekuwa tope jeusi. Hakatoi sauti. Analia huku anaandika. Nimeona mambo mengi ila hako kakaratasi mpaka leo nakakumbuka.

Mkono wa mtoto wa umri ule bado haujakomaa, mifupa ya kiganja yenyewe inaendelea kujijenga, misuli midogo ya vidole inataka kufinyanga udongo, kuchana karatasi, kufungua vifuniko, kupanga mawe, kushona kamba kwenye matundu. Huko ndo penseli inakoandaliwa. Ukimkimbiza kwenye mistari mapema anachojifunza kwa hakika ni kwamba kuandika kunauma.

Nikaanza kusoma, usiku, kwenye simu, watoto wakilala. Nilikutana na habari ya programu moja ya Marekani inaitwa Perry Preschool, mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, ilianza 1962. Watoto 123 wa familia maskini, wakagawanywa kwa kura, wengine wakapelekwa kwenye programu wakiwa na miaka mitatu na minne, wengine hapana, na watafiti wakawafuatilia mpaka wakawa watu wazima wa miaka 40. Kilichonishangaza ni hiki, ile nafuu waliyoipata kwenye vipimo vya akili ilififia baada ya miaka michache ya shule, mtu angeweza kusema imekula hasara. Lakini walipokua, waliopita kwenye programu wengi zaidi walikuwa wamemaliza sekondari, wana kipato zaidi, na wachache zaidi walikuwa wamekamatwa na polisi. Yani kilichobaki hakikuwa kuwahi kujua herufi, kilikuwa tabia ya kujituliza, kumaliza ulichoanza, kuishi na wenzako. James Heckman, mchumi aliyepata Nobel mwaka 2000, yeye na wenzake walipiga hesabu wakasema pesa iliyowekwa kwa wale watoto ilirudisha faida ya kati ya asilimia 7 na 10 kila mwaka.

Hiyo asilimia watu wengi wanaipenda, wanaitaja kwenye mikutano ya kuchangisha, hata mimi niliitaja. Ila soma mpaka mwisho uone walifanya nini. Walimu walikuwa wamesomea kazi na wanalipwa, mwalimu mmoja kwa watoto karibia sita, asubuhi masaa mawili na nusu tu siku tano za wiki, na kila wiki mwalimu anaenda nyumbani kwa mtoto anakaa na mama yake saa moja na nusu. Sasa wewe unachukua binti mmoja asiye na mafunzo, unampa watoto 38 na posho ya kusuasua, alafu unawaambia wachangiaji faida asilimia 7 mpaka 10? Nilijisikia kama niliwadanganya watu. Sikukusudia, lakini ndo ilivyokuwa.

Jengo nalo halina dhambi. Italia, vita ilipoisha 1945, wanakijiji wa Villa Cella karibu na Reggio Emilia waliuza kifaru, malori na farasi walivyoacha wanajeshi wa Kijerumani wakajenga shule ya watoto wadogo kwa mikono yao, matofali wakiyatoa kwenye nyumba zilizobomolewa. Mwalimu kijana Loris Malaguzzi alisikia akaenda kwa baiskeli kuangalia kama ni kweli, na maisha yake yote baada ya hapo akafanya kazi na shule zile. Lakini leo dunia nzima inaenda Reggio Emilia kuona jinsi walimu wanavyowasikiliza watoto na wazazi wanavyokaa ndani ya maamuzi, ukuta hakuna anayeuendea. Na huku kwetu pwani ya Afrika Mashariki ipo ya Mombasa ya 1986, shule za awali za madrasa alizozianzisha Bi Swafiya Said kwa msaada wa Aga Khan Foundation, baadaye zikaenea Zanzibar na Uganda. Wao waliwachukua wanawake wa palepale kwenye jamii wakawapa mafunzo, vifaa vya kuchezea wakavitengeneza kwa vitu vinavyopatikana hapohapo. Nilipoisoma hiyo nilikasirika, maana kitu kama hicho kilikuwepo siku zote na sisi tulikimbilia kununua viti.

Mabadiliko kwetu yalikuja kupitia mama mmoja mtu mzima, mjane, ameshalea watoto na wajukuu, aliyekuwa akija kumchukua mjukuu wake. Siku ambayo hatukuwa na mwalimu kabisa alinikuta nimesimama mbele ya watoto sijui nifanye nini. Akasogeza meza ukutani, zote, akakaa chini. Akatoa kwenye mkoba wake kifuko cha vizibo vya chupa, akavimwaga. Hakusema kitu. Watoto wakasogea wenyewe. Akachukua kimoja akakiweka mbele yake akasema huyu ni mama amechoka, anataka watoto wake walale, wako wangapi? Mtoto mmoja akasema watano. Akasema walete. Yule mtoto akahesabu vitano, akavipanga. Mwingine akasema huyu mmoja hataki kulala. Akauliza, kwanini hataki? Na hapo ndo nikamsikia mwanangu, aliyekuwa hajaongea mle ndani karibu miezi miwili, akasema, "Anamsubiri mwalimu."

Yule mama hakumkimbilia kumfariji wala hakubadilisha mada. Akasema, aa, anamsubiri. Basi tumsubirie naye. Wakakaa kimya kidogo wote, vizibo vimelala, kimoja kimesimama. Kisha mtoto mwingine akasogeza kizibo kingine pembeni ya kile, ili kisisubiri peke yake.

Jioni ile nilienda kwake nikamuomba aje kila siku. Akaniuliza mtanilipa? Aliuliza wazi, bila aibu, na nashukuru aliuliza, maana lile swali ndo lilitulazimisha kupindua kila kitu.

Tuliitisha kikao, kikao kigumu, baadhi walitaka pesa iliyopo ijenge chumba cha pili. Tulibishana mpaka usiku. Mwisho tukakubaliana kwamba kabla ya kununua chochote, mishahara ya miezi mitatu mbele lazima iwe akaunti haiguswi. Ikishuka chini ya hapo, hakuna rangi, hakuna viti, hata kama mlango umevunjika tutafunga kwa kamba. Katika kila kumi, sita na nusu ni ya walezi, moja na nusu ni mafunzo na vifaa, moja ni usafi, maji na choo, moja ni dharura. Kituo kinachoanza leo nakishauri kianze hivyohivyo hata chini ya paa la kuazima. Chumba kinaweza kuwa cha mtu yeyote mwenye moyo, ukumbi wa ibada siku ambazo hautumiki, sebule kubwa, ilimradi ni salama, kuna kivuli, maji na choo ambacho mtoto mdogo anaweza kukitumia bila kuogopa kutumbukia. Hilo la choo msilichukulie dogo, nimeshasema lilivyomtesa mwanangu.

Tukapunguza kundi, watoto 20 kwa watu wazima wawili. Kwa viwango vya wale wa Michigan bado ni wengi, lakini ndo tulipofika. Na wawili ni lazima pia kwa usalama, mtu mzima yeyote asibaki peke yake na watoto nyuma ya mlango uliofungwa, hata awe mtu tunayemheshimu vipi. Kabla ya kumpokea mlezi tunaenda tulikoambiwa aliwahi kufanya kazi tunauliza ana kwa ana. Kuna watu waliona tunawavunjia heshima, wakasusa. Sawa tu. Na kwa upande wa serikali, ulizeni mapema ofisi inayohusika na watoto eneo lenu inataka kibali gani, sisi tuliuliza baada ya kujenga na tukaambiwa turekebishe mlango na ngazi, tukabomoa tulichojenga juzi.

Masaa yakawa asubuhi tu. Hadithi, kucheza nje, kuhesabu kwa vitu vya kushika, kuimba, kuchora, kunawa mikono, kusubiri zamu, kusema nisaidie, kusema sitaki kwa mdomo badala ya ngumi. Daftari tukaziondoa mpaka nusu ya mwisho ya mwaka, na kwa wanaopenda tu. Wazazi watatu waliwatoa watoto kwa sababu hiyo, wakasema tunachezea watoto wao. Wengine walitaka tuanze na lugha ya kigeni siku ya kwanza, ili mtoto aonekane amesoma. Tuliwaambia mtoto ajengewe kwanza kwenye lugha anayoota nayo, hata UNESCO ilishalisema hilo tangu 1953, lugha ya kwanza ndo njia bora ya kumuanzishia mtoto elimu. Lugha nyingine itapata pa kushikia.

Kuna mtoto mmoja wa kiume tulikuwa tunamwita mkaidi. Ukimwita haji, ukimwambia kaa anasimama, wakati wa hadithi anasukuma wenzake. Kila mtu alikuwa na ushauri wa adhabu. Yule mama wa vizibo akaanza kumchunguza kimyakimya, siku moja akapiga makofi nyuma yake upande wa kushoto, hakugeuka. Upande wa kulia, akageuka. Alipomkagua sikio lilikuwa linatoa usaha, na mama yake akasema limekuwa hivo muda mrefu, alidhani ni kawaida ya watoto. Akatibiwa, taratibu akaanza kusikia vizuri zaidi na ule ukaidi ukapotea wenyewe. Nilishika kichwa. Mwaka mzima tulimgombeza mtoto asiyesikia. Kuanzia hapo kila mwanzo wa mwaka tunamuomba mhudumu wa afya aje aangalie macho, masikio, uzito na kadi za chanjo, nusu siku tu inatosha. Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 2018 walitoa mwongozo wa malezi ya watoto wadogo unaotaja vitu vitano vinavyokwenda pamoja, afya, lishe, usalama, mlezi anayemuitikia mtoto, na kujifunza mapema. Sisi tulikuwa tumeng'ang'ania hicho cha mwisho tukadhani ndo vyote.

Sasa kosa langu kubwa, ambalo ningependa nisiliandike.

Mwaka wa pili michango ilianza kulegea na mshahara ulikuwa unakaribia kukosekana. Mimi ndo nilikuwa katibu. Usiku mmoja kwa hasira nikaandika kwenye grupu la wazazi majina ya wote wasiolipa, na miezi wanayodaiwa. Nilijiona natetea walezi. Asubuhi mama mmoja akatoka kwenye grupu. Mtoto wake hakuja siku ile, wala iliyofuata. Ni yule msichana wa penseli na machozi, ambaye wakati huo alikuwa ameshaanza kucheka, alikuwa anawasimulia wenzake hadithi huku amesimama juu ya kiti.

Nilichelewa wiki nzima kwenda kwao. Nilipoenda nikakuta mume alikuwa amepoteza kazi miezi mitano nyuma, yule mama alikuwa anafua nguo za watu, na kumbe kila Ijumaa jioni alikuwa anakuja kimya kimya kufagia kituo na kujaza maji, akiamini ndo mchango wake. Hakuna aliyeandika popote. Niliomba msamaha. Alinipokea kwa heshima, akanikaribisha nikae, akasema nimekusamehe. Ila mtoto hakurudi. Alisema hawezi kupita pale mlangoni watu wakijua. Yule msichana akaingia darasa la kwanza akitokea nyumbani, kama mwanangu wa kwanza.

Kuanzia hapo tukabadilisha. Daftari la michango lina safu mbili, pesa na kazi, na kufagia, kuchota maji, kutengeneza vifaa, kukaa na watoto asubuhi moja, vyote vinaandikwa vikiwa na thamani. Anayekwama anaongea na mtu mmoja tu, ambaye sio katibu wala mweka hazina, na jina lake halitoki hapo. Mapato na matumizi yanabandikwa mlangoni kila mwezi, jumla na risiti, lakini majina hayabandikwi. Cha ajabu ni kwamba michango haikushuka. Watu wanalipa zaidi wakiona pesa inakwenda wapi kuliko wakiona nani hajalipa. Akina baba nao wakaanza kuonekana, maana wengi walikuwa tayari kutengeneza rafu na bembea ila kikao cha kukaa na kuongea waliona sio chao.

Nyumbani nako tulifika kwa kuchelewa. Hatuwezi kwenda kila nyumba kila wiki kama wale wa Michigan, tunajitahidi mara moja kwa muhula. Tunachowaomba wazazi ni vitu vichache, muongeleshe mtoto unapofanya kazi zako na usubiri ajibu, msimulie hadithi usiku hata kama hujui kusoma, umuache avae mwenyewe hata achelewe, alale mapema, watoto wa miaka mitatu na minne wanahitaji usingizi wa masaa 10 mpaka 13. Na simu isizidi saa moja kwa siku, hiyo ni ya Shirika la Afya Duniani ya 2019, ikipungua ndo vizuri zaidi. Hapa wengi tunashindwa, na mimi nimo, kuna siku nimechoka namkabidhi simu ili nipumue.

Na shule yenyewe inayowapokea. UNICEF wanasema utayari una pande tatu, mtoto, familia na shule, na sisi miaka miwili ya kwanza hatukuwahi hata kugonga mlango wa shule. Siku hizi mwezi mmoja kabla ya kufunga mwaka tunaenda na watoto, wanaiona njia, wanaingia chooni, wanakaa kwenye dawati, wanamsalimia mwalimu wa darasa la kwanza. Naye anakuja kwetu asubuhi moja kuwaona wakiwa kwao. Yule mwalimu aliyeniita mimi ndo huyohuyo. Mwaka huu aliniambia wiki ya kwanza aliingia darasani akakuta mtoto wetu mmoja amemshika mkono mwenzake anayelia, anamwonyesha choo kilipo.

Mwanangu wa pili sasa yuko darasa la kwanza, anasoma kawaida tu, sio wa kwanza wala wa mwisho, na akibanwa anaomba ruhusa. Yule mama wa vizibo bado yupo, mshahara wake haujawahi kuchelewa kwa miezi 26, ninahesabu.

Wale wa mtaa wa jirani nimewaambia waweke mchoro kabatini, wamtafute kwanza mtu, wamlipe mwaka mmoja, ndo waongelee ukuta. Sijui kama watanisikia, mchoro wao ni mzuri sana.

Yule mama niliyemwanika kwenye grupu ana mtoto mdogo wa kiume, mwakani anatimiza minne. Jina lake nimeshaliandika kwenye orodha ya watakaoanza, bila kumuuliza mtu, na nafasi yake haipewi mwingine. Kwenye safu ya kazi nimeandika Ijumaa zote zile alizofagia mama yake, nilizoweza kuzihesabu kwa kuuliza majirani. Wiki ijayo nitaenda kumwambia.